Kila Januari naanza, kufika Machi nimeshaacha

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 28, naishi Kihonda hapa Morogoro, nina mume na mtoto mmoja wa darasa la pili. Kazi yangu ni chapati na chai, Jumatatu mpaka Jumamosi. Wateja wangu ni bodaboda, mafundi, na wanafunzi wa sekondari wanaopita saa kumi na mbili wakienda shule. Kuna binti mmoja wa kidato cha tatu huyo kila siku chapati mbili, na mara nyingi ananiambia niandike kwenye daftari, mama yake atalipa.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Nilipata foo, yaani daraja la nne, ya pointi 30: Kiswahili C, halafu Historia, Jiografia na Baiolojia D, kwingine kote F. Nilipojifungua kuna nesi alikaa na mimi usiku kucha, ananikanda mgongo huku anapiga stori kana kwamba tuko sokoni. Toka siku ile nataka uuguzi. Nimeulizia chuo, wanataka na Kemia na Fizikia nazo niwe nimefaulu. Mwaka huu nimejisajili kurisiti hayo masomo mawili. Mtihani ni Novemba, na sasa ni mwisho wa Juni.

Tatizo ni mimi mwenyewe, Anti. Nyuma ya daftari langu la madeni kuna ukurasa wa malengo. Mwaka juzi niliandika, mwaka jana nikaandika, mwaka huu nikaandika tena, saba: kurisiti, kupungua kilo 10, kuacha soda, kuweka akiba 3,000 kwa siku, kujifunza keki, kupunguza simu, kuamka mapema zaidi. Januari nawaka moto. Kufika Machi ule ukurasa hata siufungui, naona aibu. Mwezi wa pili nililipa kituo cha tuisheni 90,000 ya miezi mitatu, nikaenda wiki mbili tu.

Usiku saa tatu mtoto akishalala nafungua kitabu cha Kemia. Ni cha Kiingereza, ukurasa mmoja nausoma mara nne. Saa tano nashtuka uso uko juu ya kitabu. Saa tisa alamu inalia, naamka kukanda. Muda wangu pekee wa kupumzika ni pale unga nao unapopumzika, kama nusu saa hivi, najilaza kwenye kochi na simu. Naangalia klipu za wale wahamasishaji. Nikimaliza najiona naweza kuihamisha milima ya Uluguru. Mmoja alisema tabia inajengwa kwa siku 21, ukikosa moja unaanza upya. Nimejaribu mara mbili, zote nimeanguka siku ya tisa, nikaona basi.

Si shida ya hela, maana mchezo wetu wa kuchangiana na kupokezana hela natoa 5,000 kila siku na sijawahi kukosa toka tuanze. Mume wangu hanikatazi, ila anacheka, anasema mimi ni mvivu wa kichwa. Naanza kuamini. Anti, nifanyeje nipate hamasa isiyokatika?

Mama Chapati, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mumeo tumalizane naye. Mtu anayeamka saa tisa usiku siku sita kwa wiki kukanda unga, huyo uvivu kautolea wapi? Akicheka mwache acheke, chapati si anakula.

Sasa wewe. Umeniomba hamasa isiyokatika. Sina, na hao wa kwenye simu nao hawana, ndiyo maana kila asubuhi wanalazimika kukutilia nyingine. Hebu niambie: alamu ya saa tisa ikilia, huwa unaamka una mzuka wa chapati? Nadhani unaamka unalaani, unapapasa kandambili gizani, unawasha taa, mkono unaingia kwenye ndoo ya unga kabla akili haijafika. Hukuuliza moyo wako kama unajisikia. Saa kumi na mbili kuna watu watakuja na njaa, basi.

Na mchezo je? Umeutaja kama jambo la kupita, lakini mimi barua yako nzima nimeisimamia hapo. Elfu tano kila siku, hujakosa. Mvua ikinyesha unatoa, biashara ikilala unatoa, mtoto akiumwa unatoa. Kwa nini? Kwa sababu kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, anapita mlangoni saa ileile, anataka kitu kilekile, na usipotoa kuna mwanamke mwenzio atapokea pungufu na jina lako litatembea mtaa mzima. Umezungukwa na saa, kiasi na watu. Kemia yako haina hata kimoja. Haina saa maalumu zaidi ya "mtoto akishalala", haina kiasi zaidi ya "kusoma", na usiposoma hakuna anayejua isipokuwa wewe na lile daftari. Ungeupa mchezo masharti hayohayo, nao ungekufa Februari.

Kwa hiyo nidhamu unayo, tena ya kukopesha. Imekaa jikoni. Tunachotafuta ni namna ya kuipeleka Kemia ilipo nidhamu, maana miaka mitatu umejaribu kuivuta nidhamu iende kwenye Kemia na imegoma.

Kwanza nikutue mzigo wa siku 21. Hesabu hiyo ilisambaa kutoka kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa aliowabadilisha sura walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Alisema angalau, na alisema kuhusu pua. Wasimuliaji wakaondoa "angalau", wakaondoa pua, wakabaki na sheria. Waliokuja kupima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo dogo la kufanya kila siku baada ya jambo fulani analolifanya tayari, mathalani baada ya kifungua kinywa. Wakawafuatilia wiki 12. Mtu wa katikati ilimchukua siku 66 mpaka jambo lile lianze kujifanya lenyewe. Kuna aliyechukua 18, na kuna ambao kwa makadirio wangefika 254. Na hili ndilo nataka ulishike: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Aliyekosa aliendelea palepale alipoachia. Kwa hiyo zile siku zako tisa, mara mbili, hazikuwa bure. Ulizitupa mwenyewe kwa sababu mtu asiyekujua alikuambia hesabu imerudi sifuri.

Nikuambie na la kwangu, usidhani nakuhubiria nikiwa juu ya mti. Miaka kadhaa nyuma daktari aliniambia sukari inapanda, nitembee kila siku. Nilinunua raba nyeupe, za bei. Nikaziweka juu ya kabati, nikawa namsubiri yule mwanamke mwenye hamasa aje azivae. Hakuja. Mwaka mzima ulipita raba bado zinanukia duka. Siku moja mjukuu wangu akazishusha achezee, akaziacha pembeni ya mswala. Alfajiri nikamaliza kuswali, nikageuka, hizo hapo. Nikazivaa na dera langu, nikatoka mpaka kwa muuza maziwa, nikarudi. Dakika ishirini. Toka hapo raba zinakaa pembeni ya mswala. Sijawahi kuupenda ule mwendo, hasa wakati wa baridi. Lakini siku nisipoenda najihisi kama nimetoka nyumbani bila kitenge.

Sasa turudi kwenye kochi lako. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba unga unapumzika nusu saa na wewe unajilaza na simu. Mwanangu, hiyo ndiyo saa yako ya Kemia, umeikalia. Ipo kila siku ya kazi, haihami, nyumba iko kimya, hakuna mteja, na wewe umeshaamka damu inatembea kwa kukanda. Acha kabisa kusoma usiku. Naam, nasema acha. Mtu aliyeamka saa tisa usiku akifungua kitabu cha Kiingereza saa tatu usiku siku hiyohiyo, kusinzia ni haki yake. Saa tatu lala na mtoto. Utapata saa sita za usingizi badala ya nne, na hilo pekee litakufanya uone herufi.

Namna ya kufanya ni hii. Kabla hujalala, weka daftari, kalamu na kitabu juu ya mfuniko wa ndoo ya unga, ili usiweze kuchota unga bila kukishika kitabu. Simu iache chumbani kwenye chaji, ilie alamu hukohuko. Ukishakanda, ukifunika donge na kitambaa, nawa mikono, kaa kwenye kiti kigumu, kochi lisahau. Kitambaa kikishafunika unga, kitabu kinafunguliwa. Usijiulize unajisikiaje. Unga ukiwa tayari, funga, hata kama uko katikati ya sentensi, kasukume chapati zako. Nusu saa kwa siku sita ni saa tatu kwa wiki, na toka Jumatatu ijayo mpaka mtihani una kama wiki 18. Ni saa 54. Kwenye ile tuisheni ya 90,000 sidhani kama ulikaa hata nusu ya hizo.

Lakini nusu saa ya kusoma ukurasa mmoja mara nne ni nusu saa ya kusinzia tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaifunga na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliofunga na kuandika ndio waliokuwa mbele, tena kwa mbali. Novemba iko mbali zaidi ya dakika tano. Kwa hiyo chukua swali moja la mitihani ya miaka iliyopita, tazama kitabu dakika kumi, funga, andika jibu bila kuchungulia. Litakuwa baya. Liandike hivyohivyo, kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu Kiingereza: mtihani ni wa Kiingereza, hilo halikwepeki. Lakini kuelewa si lazima kuanze kwa Kiingereza. Jieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unayemwambia bodaboda. Ukishajua unachosema, ndipo utafute maneno ya mtihani, na hayo unayaandika mwisho wa daftari na maana yake, matano kwa wiki yanatosha. Wengi walipata F ya Kemia kumbe walichoshindwa ni sentensi.

Sasa nahitaji kijumbe wa Kemia, na umeshamtaja: yule binti wa kidato cha tatu wa chapati mbili za mkopo. Zungumza na mama yake kwanza, isije ikaonekana unamrubuni mtoto wa watu. Makubaliano yawe hivi: jioni akirudi shule anakuachia swali moja, la Kemia Jumatatu mpaka Jumatano, la Fizikia Alhamisi mpaka Jumamosi. Asubuhi akija kuchukua chapati unampa jibu lako limeandikwa. Anaondoka nalo, jioni analirudisha na alama. Ujira wake ni chapati moja ya bure kila siku ulipompa jibu. Na siku ambayo huna jibu, anapata chapati mbili za bure. Najua utacheka, lakini wewe ni mfanyabiashara, chapati mbili zikitoka bila hela utazisikia mpaka kwenye mifupa. Kama unauza 500, ni 3,000 kwa wiki, kwa wiki zote 18 ni 54,000. Na binti naye atajifunza, maana huwezi kusahihisha usichokijua. Akifunga shule, mwachie aandike maswali ya wiki nzima kabla hajaondoka.

Ule ukurasa wa malengo saba uchane. Usiufunike, uchane, uwashie jiko. Unaamka saa tisa usiku na umeandika "kuamka mapema zaidi", ulitaka uamke saa ngapi, kabla hujalala? Kilo, soda, keki, vyote vitakusubiri, havina tarehe ya mtihani. Akiba unayo, inaitwa mchezo. Mpaka Novemba una jambo moja. Na sehemu ya aibu yako ya Machi ilitokana na hao wengine sita: ulikuwa unakunywa soda Jumanne, unajiona umeshindwa, na Kemia nayo unaitupa humohumo.

Kuna siku zitaharibika. Mtoto atapata homa, mkaa utakuwa mbichi, utaamka umechelewa. Siku hiyo unga ukipumzika andika chochote, hata mstari mmoja, hata kunakili mlinganyo mmoja wa jana. Hicho ni kama kumpa kijumbe elfu mbili na kumwambia nyingine kesho: hujamaliza, ila hujakimbia. Na ukikosa kabisa, kesho yake endelea na swali la kesho yake. Usijaribu kulipa madeni ya siku zilizopita kwa kusoma saa tatu mfululizo Jumapili. Jumapili ni ya kulala.

Niwe mkweli na jambo moja ambalo wale wa klipu hawatakuambia. Saa 54 kwa masomo mawili uliyopata F mwaka 2016 hazikupi A. Lakini chuo hakikuambii ulete A. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, D inaanzia alama 30, na F ni kila kilicho chini ya hapo. Unatafuta alama 30 kwa Kemia na 30 kwa Fizikia. Pitia mitihani ya nyuma na binti, muone mada zipi zinarudi kila mwaka, mzikamate hizo, zile zinazokutoa jasho bila faida ziache zipite. Fizikia itakusumbua zaidi kwa sababu ya hesabu. Ikitokea Januari matokeo yametoka una Kemia mkononi na Fizikia imegoma, hapo utarisiti moja, na kiti chako cha alfajiri utakuwa umeshakizoea.

Ninavyokuona, wiki mbili tatu za kwanza utakuwa unakitazama kile kitabu kama dawa ya mseto. Itakuja alfajiri moja, huenda mwezi wa nane, huenda wa tisa, utafunika unga, utakaa, na utakuwa umeshaandika nusu ukurasa kabla hujakumbuka kwamba ulikuwa hutaki.

Mume usimtangazie. Aamke siku moja kwenda msalani akukute.

Niandikie mwanzoni mwa Septemba. Usiniambie unajisikiaje, nihesabie kurasa ulizoandika. Na swali la kwanza nakupa mimi, la Jumatatu, kabla binti hajaanza kazi. Mwenye nyumba wako lazima ameshawahi kukukataza kulala na jiko la mkaa ndani, mlango na madirisha yamefungwa. Mkaa ukiwaka penye hewa ya kutosha unatoa gesi gani? Na ukiwaka mle chumbani hewa imepungua, unatoa gesi gani? Jieleze kwanza kwa Kiswahili, kisha andika milinganyo yote miwili na uisawazishe. Jibu lije na barua ya Septemba.